Apande Nini Mgeni?

"Treni! Mpandisheni treni, saa nne yuko hospitali," fundi cherehani alisema.

"Abadilishe treni mara mbili na sanduku hilo?" kinyozi alidakia. "Apande basi, ashuke kituo cha mwisho."

"Basi la foleni hilo? Pikipiki, jamani!" mama mwenye nyumba alipiga kelele dirishani.

Mgeni aligeuza shingo huku na huku kama anayetazama mpira. Anwani ya binti yake aliyopewa ilikuwa ya nyumba hii hii, lakini wote walimwapia kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Ilibaki kumfuata kazini hospitali, ng'ambo ya jiji. Miaka mitatu hajamtia machoni, na simu binti huyo hupokea siku akijisikia.

"Nikifika hospitali nitawaonyesha hii," alisema, akatoa picha iliyolika pembe.

Kinyozi aliipokea, kitana kikiwa mdomoni. Kitana kikaanguka.

"Huyu si nesi wetu wa ghorofa ya juu? Si Mama Pacha huyu?"

"Mama nani?" mgeni aliuliza. "Mwanangu hana mtoto. Hata mume hana."

Fundi aliinama kuokota uzi ambao haukuwepo.

Mlango wa juu ukafunguka. Mwanamume mwenye mwiko mkononi akachungulia, kila mguu wake umeng'ang'aniwa na mtoto.

"Kumbe mna mgeni, na mmemsimamisha juani! Shikamoo, mama. Panda huku, karibu, chakula kimeiva."