Mjerumani wa Bi Mabruka

"Halbadiri yangu haijapata kumkosa mtu," Bi Mabruka hujisifu mbele ya majirani zake wa Ibra, Oman. Kisha hupiga funda la kahawa na kuongeza: "Ila Mjerumani mmoja tu. Huyo, kila nikimsomea, anapanda cheo."

Jina la Mjerumani ni Behnke. Bi Mabruka humwita Benki. Ulimi wake ulikataa zaidi ya hapo. Hajali. Bibi yake, aliyemfundisha kisomo hicho cha maapizo huko Unguja, alimwambia kukosea jina si kitu, kisomo kinamjua mwenyewe mwenye dhambi.

Dhambi ya Benki ilikuwa Khattab, kaka wa Bi Mabruka. Mwaka wa sitini na tisa Khattab alichukuliwa dukani kwake asubuhi, hakurudi. Aliyeleta habari ni Humoud, kijana wa mtaani. Siku yenyewe, alisema, yeye alikuwa Wete, Pemba. Aliporudi ndipo akaambiwa sokoni kwamba Khattab kapelekwa kwa Behnke, mshauri wa Kijerumani wa usalama, na huko ndiko alikoishia. Humoud alilia mpaka akapewa maji. Mwaka haukwisha akamwoa Mabruka, na baadaye akamleta Oman.

Tangu hapo Khattab humjia Bi Mabruka usingizini. Husimama kizingitini, viatu mkononi, haingii. "Nimelala wapi, Mabruka?" huuliza. Kwenye kitanda cha pili Humoud naye huweweseka, lakini akiamka hakumbuki kitu.

Mjukuu wao Manar, anayetembeza wageni Nizwa, ndiye aliyemtafuta Mjerumani kwenye simu, akampata na picha tele. Bi Mabruka akaitaja miaka aliyosoma, wakalinganisha. Alipomsomea mara ya kwanza, Benki alichaguliwa diwani. Mara ya pili, meya. Akakaza, Benki akaingia bunge la jimbo lao, kule mashariki ya Ujerumani. Ile halbadiri kubwa, ya kuchinja mbuzi mweusi, ilimpa uwaziri wa kilimo wa jimbo, akapigwa picha amemkumbatia ng'ombe.

"Ningemsomea tena angekuwa mfalme," Bi Mabruka alisema.

Humoud hakucheka. Yeye ndiye mshika chetezo na mwitikia amin wa kila kisomo, siku hizi kwa mkono mmoja, maana wa kushoto umekufa. Kabla ya mkono lilikwenda jicho. Sasa mguu nao anauburura.

"Mungu anakuchukua vipande vipande," mkewe humtania, "kama anayehama nyumba."

Wiki iliyopita Manar alipiga simu. "Shikamoo bibi. Mjerumani yako anakuja. Alhamisi, Misfat, kwa nyumba ya wageni. Jina yake iko kwenye karatasi yangu."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima sana, wallahi. Ameomba kupanda mlima."

Bi Mabruka alikata simu, akafungua kabati, akatoa nguo ya kutokea. "Roho yake siitaki tena," alimwambia mumewe. "Nataka kaburi tu. Aniambie lilipo, nikamfukizie kaka yangu ubani, nami nipate kulala kabla sijafa."

"Umri huu uende kubishana na mzungu? Atakuwa hakumbuki."

"Wewe unajuaje?"

"Nitajuaje? Mtu mwenyewe sijapata kumwona maisha yangu. Nendeni nyie. Mguu unaniuma."

"Mguu utapanda gari," alisema Bi Mabruka, "na wewe utaufuata."

Alhamisi hiyo Manar aliwapakia garini. Kufika Misfat, Humoud akakataa kushuka. Ngazi nyingi, alisema.

Mjerumani walimkuta barazani, bustani ya mitende chini yake, anamenya ndizi. Mrefu, mwekundu, miaka themanini na tatu, na meno yake mwenyewe. Bi Mabruka aliyatazama kwa uchungu, moja moja.

Manar alipotaka kutafsiri, mzee alimzuia. "Kiswahili najua kidogo," alisema. "Nilikaa Unguja miaka miwili."

"Miaka hiyo haimo kwenye picha zako," alisema Bi Mabruka, akakaa bila kukaribishwa. "Khattab, mwenye duka la saa. Mimi ni dada yake. Mlimzika wapi?"

Ndizi ilirudi sahanini.

"Nililetewa, nikamhoji," alisema Mjerumani. "Nikawaambia wakubwa, huyu hana kosa, mwacheni. Nikaenda kula. Niliporudi, hayupo. Kaburi sikuliona, mama. Nilimwona aliyechimba tu."

"Nani?"

"Kijana wenu. Ndiye aliyemshtaki, na ndiye aliyemleta. Jioni alikuja kuniomba sabuni. Akanawa, akanawa, mpaka kipande chote kikaisha."

"Jina lake!"

Nyuma yao gongo liligonga jiwe. Humoud alikuwa amepanda ngazi zote, jasho linamchuruzika, pumzi hana.

"Twende zetu, Mabruka," alisema. "Mwongo huyo. Mimi na yeye hatujuani."

Mjerumani aliinuka kitini. Alimtazama mzee mwenzake juu mpaka chini, na machozi yakamlengalenga.

"Humoud!" alisema. "Masikini, umepatwa na nini?"