Rimoti ya Pili

Zamu ya Kyalo ilifika nikiwa mlangoni mwa darasa. Tulikuwa tumemzika Jumamosi, nami nilikuja Thika kuchukua vitabu vyake.

Watoto walicheza gemu ya hesabu kwenye televisheni ya mwalimu, wawili wawili: mmoja anatafuta jibu, mwenzake anarukisha sungura juu ya jibu hilo.

Msichana aliyekaa deski moja na Kyalo alishika rimoti mbili. "Ticha, haianzi na mtu mmoja."

Mwalimu alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Msichana akaniletea rimoti moja. Kitufe kilikuwa kimelika upande wa kidole gumba.

"Mama Kyalo, yeye ndiye alikuwa anaruka. Saba mara nane ni hamsini na sita. Ruka."

Nikabonyeza. Sungura akaanguka.

"Hata yeye alikuwa anaangukanga," akasema. "Rudia."