Kola ya Karatasi

Barua ya kukubali nafasi ya chuo kikuu ilitakiwa isainiwe na kurudishwa kabla ya saa kumi alasiri. Tangu asubuhi Sikudhani alikuwa ameitoa mfukoni mara tano na kuikunja tena. Sasa alikuwa akishona sare za shule, akikanyaga cherehani kwa pupa mpaka uzi ukakatika.

"Leo una nini?" aliuliza Bi Ruzuna, fundi aliyemfundisha kushona. "Mkono huo umeushona ndani nje."

"Kaka yangu kasoma chuo kikuu miaka minne, fundi. Leo anauza vocha. Mimi hapa tayari nina wateja wangu."

"Sijakuuliza habari za kaka yako."

Sikudhani akaanza kufumua. Bi Ruzuna alichukua karatasi kwenye kapu la makaratasi ya zamani waliyotumia kukatia vipimo vya nguo, akalaza kola juu yake, akaizungushia chaki upande usioandikwa. Mkasi ulishaingia inchi mbili, karatasi ikapinda, muhuri wa chuo ukaonekana.

"Hii imefikaje kapuni?"

Sikudhani aliendelea kufumua. Alikuwa ameiweka mwenyewe, saa saba, fundi alipokwenda kuswali.

Bi Ruzuna hakuuchomoa mkasi. Alitazama saa ukutani. Ilikuwa tisa na nusu.

"Jina lako bado sijalifikia," alisema. "Niendelee?"

Sikudhani aliinuka, akaishika karatasi upande wa pili na kuikaza, kama alivyozoea kumshikia fundi wake kitambaa cha kukatwa. Mkasi ulikuwa bado wazi. Hakuna aliyeiachia karatasi.