Fuko Alivyolichimba Korongo

Majani yalipokwisha uwandani, Nyati aliwaamuru wanyama wahamie kwenye korongo lenye rutuba chini ya mlima wa moto. Fuko alichimba kwanza, akakuta tabaka la mawe na matope yaliyoganda, chini yake jingine, kisha jingine.

"Bwana Nyati, mlima umeporomokea hapa mara tatu. Mvua ikilowesha majivu kule juu, utaporomoka tena."

"Mimi nionyeshwe njia na kipofu!" Nyati akacheka.

 Fuko aliwapandisha waliokubali kumfuata kwenye kilima kilicho kando ya korongo.

Masika ilipoanza, matope yalishuka yakisukuma mawe makubwa kama tembo. Nyati aliponea chupuchupu, akapanda kilimani akitweta.

"Mzee Fuko," aliuliza mbele ya wote, "sasa tukae wapi?"

Fuko akatunisha kifua. Tangu siku hiyo, hakuna kundi lililohama kabla yeye hajaipima ardhi.