Sare Thelathini

Mkasi ulipopita kwenye kola ya kwanza, fundi alihisi kama anajikata kidole.

Sare zilikuwa mpya. Alizishona mwenyewe kwa wiki tatu, thelathini, kila pindo mishono miwili, maana watoto hawavai nguo, wanapigana nazo. Sasa mkuu wa kituo cha watoto alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, simu mkononi, akimsomea pa kuharibu.

"Begani, upana wa vidole vitatu. Mfuko uning'inie. Halafu zisuguliwe majivu."

"Majivu?"

"Majivu, mama. Mfadhili anafika saa nne."

Fundi alikuwa na umri wa kumzaa, na alimtazama hivyo. "Mwanangu, watoto hawa wana vitanda, wana vitabu, wanashiba. Leo unataka wampokee mgeni na matambara?"

"Picha zinakwenda ng'ambo. Huko mtoto nadhifu hamlizi mtu."

"Na usiku usingizi unakujia kweli?"

"Mimi nasoma tu, mama," alisema, macho hayakutoka kwenye simu. "Kola ichanwe upande mmoja."

Akachana. Kila kitambaa kilipolia, kinyaa kilimpanda kooni kama cha mtu aliyemeza nzi. Alimkinai kijana yule, na shati lake lililopigwa pasi, na sauti yake kavu ya kusoma. Watoto walikuja mmoja mmoja kuchukua nguo, wakizigeuzageuza mikononi. Wa mwisho, kasichana kadogo kuliko wote, aliwatazama wenzake, akauliza, "Bibi, tumekosa nini?"

Fundi akaweka mkasi chini. Sare iliyobaki akamvisha ikiwa nzima, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Liwalo na liwe.

Mfadhili alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunza kilichotoka polepole lakini safi. Aliwashika watoto mikono, akawauliza wanasoma nini. Alipofika kwa wale wenye nguo zilizochanika mabegani, machozi yakamlenga, na mpiga picha wake akasogea karibu. Fundi akamwonea huruma. Kusafiri kote huko, kuja kufanywa mjinga mchana kweupe!

Akamshika yule mdogo mkono, akapenya katikati ya watu.

"Samahani, mgeni wetu. Unadanganywa. Nguo hizi nimezishona mimi, na asubuhi hii nimeamriwa nizichane. Zote zilikuwa hivi. Tazama mwenyewe."

Mkuu wa kituo aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kofi, na fundi akaona amepata anachostahili.

Mgeni akachuchumaa mbele ya mtoto. Akaishika kola, akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kama mtu anayejua nguo.

"Kazi nzuri sana," alisema.

Kisha akainuka, akamgeukia mkuu wa kituo, kwa sauti ile ile ya upole.

"Nilikuandikia zote thelathini. Hii mbona mmeiacha?"