Jina Juu ya Mlango

Mchora vibao alikuwa juu ya ngazi iliyolegea, nami nimeishikilia kwa mikono miwili, alipouliza, "Haya, duka la ushonaji tunaliitaje?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Andika jina la marehemu. Cherehani ni yake."

Marehemu ni mke wa kwanza wa mume wangu. Cherehani ni yake kweli. Kanyagio limelika kwa umbo la unyayo mdogo kuliko wangu.

Nikamtazama mume wangu, angalau akohoe. Alikuwa anakoroga rangi kwenye kopo.

Tone la bluu, rangi niliyoichagua mimi, likanidondokea mkononi. Ningeachia ngazi, fundi angeanguka.

"Fundi," mume wangu akasema hatimaye, "weka nyekundu. Ndiyo aliyoipenda."