Jiwe Linalolia

Kwa miaka mingi Bi Tunu aliwauzia chai wageni waliopanda mlimani kuligonga jiwe linalolia kama kengele. Kila lilipolia, yeye ndiye aliyeanza kupiga vigelegele kule chini sokoni, na wenzake wakaitikia. Mwenyewe hakuwahi kupanda.

Leo alimwachia jirani birika.

"Na magoti hayo, shoga?"

"Yatanifuata."

Alifika kileleni akihema, akaokota kokoto, akaligonga jiwe. Lilimlilia hadi kwenye meno. Akasubiri. Sokoni kimya: walikuwa wakimngoja yeye aanze, kama kawaida.

Basi akashika kiuno, akapiga vigelegele kutoka huko huko juu. Nyuso zote zikainuka, na soko zima likamwitikia.

Bi Tunu akainua kokoto tena.